Mtoto Akicheza Peke Yake, Mpe cha Kushindana Nacho

Mtoto aliye peke yake uani hakosi nguvu wala hamu ya kucheza. Anachokosa ni mshindani. Kombolela inataka kundi, rede inataka angalau watatu, na ukimwambia tu "nenda kacheze nje" atakaa barazani kidogo kisha arudi ndani kudai simu. Nilifundisha michezo shule za msingi hapa Tanga hadi nikastaafu, na sasa nalea mjukuu wa miaka saba ambaye hana mdogo wala mkubwa nyumbani. Namtafutia kitu cha kukishinda: idadi, alama ukutani, au mchanga unaomwagika. Akishakuwa nacho, hasubiri kusukumwa.

Naanza na kamba ya kuruka, maana ndiyo inayomtoa mtoto jasho upesi kuliko vingine vyote. Huku kwetu kwenye mkonge kamba za katani hazikosekani sokoni, ila ikiwa mpya nyuzi zake zinachoma viganja. Zungushia kitambaa kwenye ncha zote mbili ukishone. Manila nene kama kidole cha mtoto pia inafaa. Usimpe kamba nyembamba ya kuanikia nguo. Ni nyepesi mno, inajikunja hewani na haishuki kwa wakati. Kupima urefu, mwambie akanyage katikati ya kamba kwa miguu yote miwili, avute ncha juu. Zikifika kwapani, inamtosha. Zikipita mabega, itamkwaza. Piga fundo kila upande badala ya kuikata, kwani mwakani atakuwa amerefuka.

Wazazi wengi humpa mtoto kamba na kumwambia aruke, akikwama mara kadhaa anaitupa. Mfundishe kwa vipande. Kwanza aruke papo hapo bila kamba, miguu pamoja, chini chini tu, atue kwa vidole na magoti yalegee. Halafu ashike ncha zote mbili kwa mkono mmoja, aizungushe kamba ubavuni, na kila inapogusa sakafu aruke. Hapo sikio ndilo linalojifunza: pa, pa, pa. Abadilishe mkono. Baada ya hapo ashike ncha moja kila mkono, aitupe kamba kutoka nyuma, aiache ianguke mbele ya vidole vyake na isimame, ndipo aivuke. Mwache aivuke hivyo hivyo taratibu hata siku kadhaa. Ule muda wa kusimama utapungua wenyewe mpaka uishe. Angalia viwiko: vikae karibu na mbavu, na mzunguko utoke kwenye vifundo vya mikono. Ukiona mabega yanazunguka, mkumbushe, maana atachoka mapema bure.

Akishaweza kuruka mfululizo, mpe kipande cha mkaa na sehemu ya ukuta wa nyuma ya jikoni. Aandike mwenyewe idadi aliyofika bila kukwama. Kesho yake anajua anatafuta nini. Huyu wangu huja mbio, kijasho kikimtoka puani: "Bibi, leo thelathini na moja!" Nami huwa natoka nikautazame ukuta. Naona ni sehemu ya mchezo. Mtoto anayecheza peke yake bado anahitaji mtu mmoja wa kumsikia akifika.

Mpira tunautengeneza nyumbani. Zamani watoto walisokota mifuko ya plastiki, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu 2017 na kwetu tangu Juni 2019, na hata hivyo mpira wa matambara ni bora. Mwombe fundi cherehani mabaki ya vitambaa, uyashindilie ndani ya soksi kuukuu hadi iwe ngumu, uisokote shingo, uigeuze ifunike tena, kisha uifunge kwa kamba nyembamba iliyopishana huku na huku. Hauvunji kioo wala haumsumbui mpangaji mwenzio. Kwa kuwa haudundi, ni wa kurusha juu. Arushe na kudaka. Arushe, apige kofi moja, adake. Makofi mawili, matatu, manne. Akifika matano aanze upya kwa kugusa chini kabla ya kudaka, kisha kwa kujizungusha mzima. Akiuangusha, anarudi mwanzo kabisa. Sheria hiyo ya kurudi mwanzo ndiyo inayomshika, usiilegeze kwa huruma. Mpira huo huo ndio wa kujifunzia danadana, kwa sababu hauruki mbali ukigusa mguu.

Sasa lastiki. Wasichana huicheza watatu, wawili wakiwa wameinyoosha miguuni na mmoja akiruka. Mtoto wa peke yake anahitaji nguzo mbili tu, au miti miwili. Viti vya plastiki vinaanguka, labda uweke ndoo ya maji juu ya kila kimoja. Nunua lastiki ya suruali kama mita nne, ufunge ncha ziwe duara, uizungushe kwenye nguzo. Ianze kwenye kifundo cha mguu: aingie ndani, atoke nje, akanyage zote mbili, avuke. Akimaliza bila kukosea inapanda hadi nusu ya muundi, kisha magotini. Juu ya hapo sipeleki kwa watoto wadogo, hasa kwenye sakafu ya saruji.

Mbio ndizo ngumu zaidi kwa mtoto wa peke yake, maana kukimbia bila wa kumfukuza kunachosha upesi. Hapa huwa nawasimulia habari za Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, Nyuzilandi, mwaka 1974, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Alikaa mbele tangu mwanzo, hakuna wa kumvuta. Watoto hulipenda hilo. Halafu natengeneza saa ya mchanga: kata kitako cha chupa ya maji ya plastiki, toboa kifuniko kwa msumari wa moto (kazi ya mtu mzima), uining'inize kichwa chini. Mtoto anaziba tundu kwa kidole, anamimina kikombe kimoja cha mchanga mkavu uliochekechwa, anaachia na kukimbia hadi mwembeni na kurudi kabla mchanga haujaisha. Akizoea, punguza mchanga.

Ringi ya baiskeli ya kusukuma kwa kijiti inafaa kama njia haina bodaboda. Tiara irushwe uwanjani, mbali na nyaya za umeme. Mdako ni mzuri kwa mkono na jicho, lakini mtoto ameketi. Uwe wa kupumzikia.

Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za mazoezi yanayopandisha mapigo ya moyo. Si lazima ziwe mfululizo. Mimi nazigawa: kidogo asubuhi kabla jua halijapanda, nyingine kuanzia saa kumi jioni. Kati ya saa sita na saa tisa abaki kivulini. Maji yawe karibu, jiko la mkaa na kisima viwe mbali. Mpira na chupa ya mchanga vikae mahali anapofikia mwenyewe. Kamba na lastiki vitundike juu kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitano, kwani hao huvivaa shingoni.