"Bow": bou au bau?
Juzi ufukweni Dunga, Kisumu, mpwa wangu alikuwa akinisomea Kiingereza kwa sauti. Akafika kwenye neno "bow", akasoma "bou". Sentensi yenyewe ilihusu mbele ya mashua, yaani omo, na hapo ni "bau", karibu na jina la mchezo wetu wa bao.

Ninavyomfundisha ni hivi: kitu kilichopinda au kufungwa huwa "bou". Upinde wa mshale, fundo la utepe kwenye nywele, tai ya kipepeo, na ule uta mpiga orutu, ala ya muziki ya Waluo, anaousugua kwenye uzi wake mmoja. Hata upinde wa mvua, "rainbow", huishia "bou". Kiingereza nacho kiliona upinde kule juu, kama sisi.

Kuinama kwa heshima, au msanii kuinamia watazamaji akimaliza, ni "bau". Kujiondoa kwenye mashindano, "bow out", pia "bau". Na omo ya mashua, kama nilivyosema.

Mtego uko kwenye matege. Kwa kuwa ni habari ya mwili, wengi hukimbilia "bau", lakini "bow-legged" ni "bou": miguu imepinda kama upinde, haijainamia mtu.

Mpwa akaniuliza, "Sasa mjomba, mvuvi mwenye upinde akiinama kwenye omo?" Nikamwambia aanze na bou, kisha bau mara mbili. Akarudia mpaka samaki wetu wakaletwa mezani.