Hotipoti ya kula mpaka ushibe, fanya hivi

Kwanza tuelewane, hotipoti ninayosema hapa sio kile chombo cha kutunzia chakula cha moto, ni ile sufuria ya supu inayochemka katikati ya meza, mnaletewa vitu vibichi mnapika wenyewe. Ukifika tu mgahawani uliza muda wa kula, sehemu nyingi wanatoa dakika 90 au masaa 2, na uliza kama wanachaji chakula kinachobaki. Chukueni sufuria yenye vyumba viwili, upande mmoja supu ya pilipili ya Sichuan (jimbo la China) ile inayotia ganzi ulimi, mwingine supu nyepesi ya mifupa au uyoga, hapo hata asiyeweza pilipili anakula kwa amani.

Sasa watu wengi wanapokosea ni hapa: wanamwaga kila kitu kwa mpigo, supu inapoa, nyama inakuwa ngumu kama soli ya kiatu. Viazi na mahindi vitangulie maana vinachelewa kuiva. Nyama ya ng'ombe iliyokatwa nyembamba we ishike na vijiti, izamishe, hesabu kama sekunde 15 hivi, ukiona wekundu umeisha na pembeni imejikunja toa, chovya kwenye sosi ya ufuta na kitunguu saumu, kula hapohapo. Kuku usimfanyie haraka, aive mpaka ndani. Na jamani, vijiti vilivyoshika nyama mbichi visiingie mdomoni, omba vingine. Tambi ni za mwisho kabisa, zinajaza tumbo mapema. Supu ikipungua, chumvi inazidi, waambie waongeze supu.