Lita Mbili za Oili ya Gari Dogo Zinaua Trekta

Msimu huu wa kulima, kuanzia Njoro hadi Rongai, kaunti ya Nakuru, Kenya, nimeitwa kuona matrekta ambayo injini zao zimeanza kugonga kabla ekari za kwanza hazijaisha. Kila ninapofika huuliza swali moja: mlitia oili gani? Mkulima mmoja alinionyesha mtungi wa lita 5 wa oili nzuri ya dizeli, 15W-40, nikampongeza. Kisha nikaona kando yake chupa mbili za lita moja moja. 5W-30, ya magari ya petroli. "Hiyo ni ya kujazia tu, bwana afisa."

Ya kujazia ndiyo inayowamaliza. Injini ya Massey Ferguson 135, ile ya dizeli ya kampuni ya Perkins yenye silinda 3, hubeba karibu lita 7. Mtungi wa lita 5 haujawahi kutosha na hautatosha. Mnalijua hilo kila mwaka, na kila mwaka mnaenda dukani na pesa za mtungi mmoja, halafu mnakamilisha na chochote kilicho kwenye rafu, au oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa ambalo hata mwenye duka hajui lina nini. Acheni tabia hiyo! Nunueni lita 7 za aina moja kwa siku moja, na moja zaidi ya akiba.

Tofauti si ya jina. Injini ikiwa moto, nyuzi 100 za Selsiasi, oili yenye namba 30 mwishoni, kama 5W-30, ina mnato, yaani uzito wa kumiminika, wa kati ya sentistoki (kipimo cha mnato) 9.3 na 12.5. Yenye namba 40 iko kati ya 12.5 na 16.3. Trekta lililolima miaka 40 lina beringi za kranki (mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini) zilizokwisha kulika, na ile nafasi iliyoongezeka inahitaji oili nzito ya kuijaza. Oili nyepesi hupita tu, presha ya oili inashuka, chuma kinasugua chuma. Plau ya diski ikiwa imezama kwenye udongo mkavu wa Februari, injini haina pa kupumzikia.

Watu wa Molo huniambia kwao kuna baridi, kwa hiyo oili nyepesi ndiyo inayowasha trekta asubuhi. Hapana. Ile 15W, namba ya baridi, hupimwa kama inairuhusu injini kuzunguka wakati wa kuwashwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Baridi ya Molo haijawahi kukaribia hapo. Trekta likikataa kuwaka, angalieni betri na nozeli zinazopulizia dizeli. Walio Kisumu kwenye joto nao watumie 15W-40 hiyo hiyo.

Baada ya namba, someni herufi za API, alama ya ubora wa oili kwenye lebo. Inayoanza na C ni ya dizeli: CF-4, CH-4, CI-4. Inayoanza na S ni ya petroli. Lebo ikiandikwa CI-4/SL, C ikitangulia, chukueni. Yenye S peke yake irudisheni kwenye rafu hata kama bei imepunguzwa, kwa sababu haikutengenezwa kubeba masizi ya dizeli.

Wakati wa kubadilisha, washeni injini dakika 10 ipate joto, simamisheni trekta mahali tambarare, mwageni kwa dakika 20 kamili. Filta mpya siku hiyo hiyo. Fundi akitaka kuoshea injini kwa mafuta ya taa, mkatazeni, maana yanayobaki ndani yataifanya nyepesi oili mliyotoka kuinunua. Jazeni, washeni dakika 2, zimeni, subirini dakika 10, ndipo mchomoe kijiti cha kupimia oili. Oili isipite alama ya juu, kwani kranki itaipiga hadi itoe povu.

Kama trekta limezoea oili ya kubahatisha, hii mpya italegeza uchafu wa miaka mingi. Kwa hiyo mara ya kwanza imwageni baada ya saa 50 tu. Baadaye fuateni kitabu cha trekta, na kama kimepotea, kila saa 100.

Jambo moja huwadanganya hata waangalifu. Oili ikipanda kwenye kijiti bila kuongezwa, na inanuka dizeli, mara nyingi ngozi (utando wa ndani) ya pampu ndogo ya mafuta imepasuka na dizeli inaingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Hapo hata oili bora kabisa itakuwa maji. Badilisheni ngozi hiyo kwanza, kisha mwageni oili yote.

Mkifanya sawa, geji ya presha ya oili haitaanguka mno trekta likiwa moto.

Mita ya saa ikiwa imekufa, na nyingi zimekufa, dereva aandike saa za kazi kila jioni kwenye daftari. Aina ya oili na tarehe ya kuibadilisha ziandikeni kwa rangi ndani ya madigadi, ili hata dereva wa kukodi asije akajaza ya kwake.