Miaka mitatu ya chuo inakata haraka, itumie hivi

Wadogo zangu mnaoingia mwaka wa kwanza hapo Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), na nyie wa UDOM kule Dodoma na SUA kule Morogoro pia maana mambo hayapishani sana, ngoja niwapigie hesabu ambayo wiki ya orientesheni hakuna atakayewapigia. Digrii ya miaka mitatu ni semista sita, na semista moja ina kama wiki 15 za vipindi kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista. Zidisha hapo, ni wiki 90 tu. Na bado hujatoa ile wiki ya kwanza watu wanahangaika na usajili na chumba na lekchara mwenyewe hajaonekana.

Sasa kuna huu msemo wa "mwaka wa kwanza nasoma mazingira, nitakaza wa pili". Achana nao, maana GPA, yaani wastani wa matokeo yako yote, inajumlisha kila kitu kuanzia semista ya kwanza. Kwenye skeli ya 5, apa sekondi, daraja la pili la juu, inaanzia 3.5. Tuseme uzito wa kozi unalingana kila mwaka, ukamaliza mwaka wa pili ukiwa na 3.0, basi ili ufike hiyo 3.5 mwaka wa tatu mzima unatakiwa upige wastani wa 4.5, yaani juu ya mtu wa fest klasi anayeanzia 4.4, na hapo una riseachi mkononi na superivaiza hapokei simu. Ila ukishtuka mwisho wa mwaka wa kwanza na 3.0 hiyohiyo, unahitaji 3.75 kwa miaka miwili iliyobaki, hiyo inapigika kabisa. Kwa hiyo chukua maksi za kozi weki (kazi za katikati ya semista) mapema, zile 40 kati ya 100 ndo rahisi kuliko zote, asaimenti ya grupu usiache jina lako liandikwe tu na wenzio wakati hujui hata swali lilikuwa nini, UE ikija na swali lilelile utakesha na madesa (noti) ya watu na huelewi kitu.

Alafu fildi, yale mafunzo ya vitendo kazini. Hapa ndo wengi wanapoteza. Wiki nane za mwisho wa mwaka wa kwanza na wa pili watu wanazichukulia kama za kusaini logibuku tu, wanaomba ofisi ya mjomba iliyo karibu na nyumbani wanashinda wanachati. Anza kutafuta nafasi tangu Januari au Februari, peleka barua mkononi, usisubiri kujibiwa imeili, na mwaka wa pili nenda sehemu ambayo kweli ungependa wakuajiri. Ukifika omba kazi, usikae kusubiri upewe, hata kama ni kupanga mafaili ya zamani, maana anayepanga mafaili anayasoma.

Lekchara nao wajue wakujue. Darasa la watu 300 hawezi kukukumbuka kwa sura, lakini ukienda ofisini kwake mara mbili tatu na swali la maana (sio kubembeleza maksi jamani) anakushika jina. Matangazo ya ajira serikalini yanataka wadhamini watatu, na nimeona magraduati wanazunguka kampasi mwaka mzima baada ya kumaliza wanatafuta nani awakubalie.

Ila usiishi kwenye madarasa ya Yombo na laibrari tu. Public lekcha za Nkrumah Hall ni bure, nenda hata kama mada haihusiani na kozi yako, ndo utasikia watu wazima wakibishana bila kutukanana. Miaka ya 60 mwishoni wanafunzi wa hapohapo walikuwa na kikundi chao cha kusoma na kubishana, USARF (University Students' African Revolutionary Front), mwenyekiti alikuwa Museveni, huyu wa Uganda, na mwanahistoria Walter Rodney alikuwa karibu nao, na hakuna aliyekuwa anawapa maksi kwa hilo. Siku hizi kuna klabu za kila aina, chagua moja, mbili zikizidi, ukijiunga na saba utakuwa mtu wa vikao.

Bumu, ile pesa ya Bodi ya Mikopo, sina mengi. Ni mkopo, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, kwa hiyo ile simu ya macho matatu utailipia ukiwa umeshaisahau. Likiingia lipa kwanza chakula cha mwezi na stesheneri, mengine baadae.

Mwaka wa tatu ndo unakimbia vibaya, Novemba unafungua, ukigeuka ni Juni. Mada ya riseachi ingia nayo kichwani kutoka fildi, na data kama unaweza anza kuzinusa hukohuko. Na fomu ya kliarensi, ya kuonyesha chuo hakikudai kitu, zungushia mihuri yote kabla hujapanda basi kurudi mkoani, kuna watu wamelipa nauli Mwanza mpaka Dar kwa ajili ya kitabu kimoja cha laibrari.