Senti 60 kwa maili si mshahara: kwa anayetaka usukani wa lori Marekani

Wiki yangu ya kwanza peke yangu kwenye semi, lile lori kubwa la kuvuta trela, nilitoka Columbus, Ohio, nikashuka Dallas, nikapanda Chicago, nikarudi nyumbani. Mkataba ulisema senti 52 kwa maili. Odomita ilionyesha nimekimbia maili 2,512. Ijumaa iliyofuata slipu ya mshahara ikaja na maili 2,340. Nikampigia dispacha, mtu wa ofisini anayetupangia mizigo, nikijua wamekosea hesabu. Hakukuwa na kosa. "Hizo ndizo maili tunazolipa," akasema, akakata simu.

Tangu siku hiyo, kijana aliyetoka Nairobi, Mwanza au Goma akiniuliza lori linalipa ngapi huku, namrudishia swali: wanalipa maili zipi?

Zipo kampuni zinazolipa kila maili ya odomita. Ni chache, ukiipata usiiachie. Nyingi hulipa maili za programu ya ramani, kwa njia ambayo lori linaweza kupita kweli. Nyingine bado zinatumia jedwali la zamani lililotungwa kwa wahamishaji wa vyombo vya nyumbani, linalopima kutoka eneo la posta hadi eneo la posta kwa njia ya mkato, hata kama trela lako haliruhusiwi kukanyaga huko. Kwangu tofauti ilikuwa maili 172. Zidisha kwa senti 52, dola 89.44 zimeyeyuka kabla hujakatwa kodi.

Kisha gawanya kwa saa. Nililipwa dola 1,216.80. Saa nilizokuwa kazini, nikihesabu kukagua gari, kupakia, kusubiri na kuendesha, zilikuwa 64. Ni kama dola 19 kwa saa, na ndani yake zimo saa tano nilizokaa mbele ya geti la ghala Dallas nikisubiri kupakuliwa bila senti. Aliyewahi kulala kwenye foleni ya Malaba au Tunduma siku tatu atanicheka. Lakini kule mara nyingi unalipwa kwa safari, na una utingo wa kukuchemshia chai. Huku uko peke yako, na kila saa ya geti inakula siku yako ya kazi, kama nitakavyoeleza.

Swali la ovataimu huulizwa sana, basi tulimalize. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 inayotaka mtu alipwe mara moja na nusu baada ya saa 40 kwa wiki iliwaacha nje madereva wa malori yanayobeba mizigo ya kuvuka majimbo. Ndiyo maana unaweza kufanya saa 64 na usione ovataimu. Kima cha chini cha shirikisho, dola 7.25 kwa saa, bado kinakuhusu kama umeajiriwa, na majimbo mengi yana kima cha juu zaidi. Kuna mlango mmoja ambao wengi wetu hawaujui: ukiendesha gari dogo, uzito wa jumla usiozidi pauni 10,000, kama zile vani za kusambaza vifurushi, msamaha huo haumhusu mwajiri wako. Unadai ovataimu yako kama mfanyakazi mwingine yeyote.

Kwa ujumla, takwimu za kazi za serikali za Mei 2024 ziliweka mapato ya kati ya dereva wa lori kubwa kuwa dola 57,440 kwa mwaka. Nusu ya madereva wako chini ya hapo, nusu juu. Kwa hiyo lile tangazo la kwenye WhatsApp la "dola 3,000 kila wiki, anza kesho" mara nyingi ni pesa kabla ya dizeli, bima na kodi, au ni maneno ya mtu anayetafuta wa kumkodisha lori lake.

Uliza kabla ya kusaini

Usiulize "mnalipa ngapi" tu. Uliza kama maili tupu, lori likiwa halina mzigo, zinalipwa sawa na za mzigo. Uliza malipo ya kusubiri yanaanza baada ya saa ngapi. Desturi ya sekta hii ni saa mbili za bure, ndipo uanze kulipwa, na kampuni nyingine zinakulipa ikiwa tu mteja amewalipa wao. Uliza ukilala njiani bila mzigo unapata nini, na gari likiharibika je. Majibu yaandikwe. Barua pepe inatosha, simu haitoshi. Mali bila daftari hupotea bila habari, na huku daftari ni maandishi yenye tarehe.

Jihadhari pia na "per diem". Kampuni inachukua sehemu ya mshahara wako na kuiita posho ya chakula isiyokatwa kodi. Slipu inanenepa, unafurahi. Lakini mshahara rasmi umepungua, kwa hiyo pensheni ya uzeeni, fidia ukiumia kazini na hata mkopo wa nyumba vinaweza kupimwa kwa hicho kiasi kidogo. Si wizi, ni chaguo. Chagua ukijua.

Saa zako

Baada ya kupumzika saa 10 mfululizo unaanza siku mpya. Una saa 11 za kuendesha, na zote zitumike ndani ya saa 14 tangu ulipoanza kazi yoyote, hata kugonga matairi. Ukishaendesha jumla ya saa 8, unasimama dakika 30. Ukifikisha saa 70 za kazi ndani ya siku 8, huendeshi tena mpaka saa za nyuma zikuachie nafasi, au upumzike saa 34 mfululizo na hesabu ianze sifuri. Kampuni isiyofanya kazi kila siku ya wiki hutumia saa 60 ndani ya siku 7.

Sasa rudi kwenye lile geti la Dallas. Umeanza kazi saa kumi na mbili asubuhi, saa 14 zako zinakwisha saa mbili usiku. Umekaa getini saa tano, saa hazikusimama. Ulikuwa na uwezo wa kuendesha saa 11, zimebaki tisa au pungufu. Dawa iko kwenye sheria yenyewe: unaweza kugawa mapumziko mara mbili, kipande kimoja angalau saa 7 kitandani ndani ya lori na kingine angalau saa 2, jumla zifike 10. Vipande hivyo vikikamilika pamoja, havihesabiwi kwenye zile 14. Kwa hiyo ukiambiwa usubiri, usikae usukanini ukiperuzi simu huku umejiandika kazini. Kama huna jukumu lolote, panda kitandani na uweke hivyo kwenye logi, ile kumbukumbu ya saa zako. Nilichukua miezi minane kulijua hili.

Na mashine ya logi haijui saa za Kiswahili. Itaandika 20:00, kichwa chako kitasema saa mbili, na mteja atakwambia saa nane kwa Kiingereza. Nimeshakosa miadi ya kushusha mzigo kwa mchanganyiko huo. Andika miadi kwa tarakimu za mashine, pamoja na saa za ukanda gani, maana Chicago iko nyuma ya Columbus kwa saa moja.

Kuna ofisi nyingine hukupigia simu na kusema, "Endelea, tutakurekebishia saa." Kwa sheria, kampuni inaweza kupendekeza mabadiliko kwenye logi, lakini wewe ndiye unayeyakubali au kuyakataa, na saini ni yako. Siku ya ajali mwanasheria atauliza aliyesaini, si aliyepiga simu.

Karatasi

Semi inahitaji CDL, yaani leseni ya udereva wa kibiashara, ya daraja A. Kuvuka mpaka wa jimbo lazima uwe na miaka 21. Tangu 7 Februari 2022, anayeanza lazima apitie chuo kilichomo kwenye orodha ya serikali ya watoa mafunzo; hakiki jina la chuo kabla ya kutoa pesa. Cheti cha daktari hudumu miezi 24 kwa kiwango cha juu, na mwenye presha hupewa muda mfupi zaidi.

Mwenye uraia au grini kadi hupata CDL ya kawaida. Aliyekuwa na kibali cha kazi peke yake, kama waomba hifadhi wengi, alikuwa akipewa ile ya wasio wakaazi. Septemba 2025 Idara ya Uchukuzi ilitoa kanuni ya dharura ya kuwabana hao karibu wote, na Novemba mahakama ikaisimamisha. Mambo haya hayajatulia, kwa hiyo nenda ofisi ya leseni ya jimbo lako ukaulize kwanza, ndipo ulipe chuo maelfu ya dola. Visa za kazi za udereva wa malori nazo zilisitishwa Agosti 2025. Wakala anayekuuzia moja Dar au Kampala anakula pesa yako.

Kiingereza si utani tena. Tangu 25 Juni 2025 afisa akikusimamisha na ukashindwa kujibu maswali ya kawaida au kusoma alama za barabarani, lori linabaki hapo hapo. Fanya mazoezi na mtu: unatoka wapi, umebeba nini, ulianza saa ngapi, karatasi za mzigo ziko wapi.

Bangi, hata kama jimbo lako limeihalalisha, kwenye kipimo cha shirikisho umeanguka, na jina linaingia kwenye hifadhidata ambayo kila mwajiri anaisoma. Tangu Novemba 2024 jimbo linalazimika kukuondolea CDL mpaka umalize utaratibu wa kurudi kazini. Miraa, najua wengi hawapendi kusikia, kemikali yake imo kwenye kundi la kwanza la dawa zilizopigwa marufuku. Usiibebe hata ya mtu mwingine.

1099 na lori la kukopeshwa

Hapa ndipo pesa zetu nyingi zinapopotelea, na mara nyingi mikononi mwa mtu anayekuita ndugu. Anakupa lori lake, anakuchagulia mzigo, anakupangia saa, kisha mwisho wa mwaka anakupa fomu 1099 kana kwamba ulikuwa na biashara yako. Maana yake kodi ya pensheni na afya yote, asilimia 15.3, ni yako. Mwajiriwa wa kawaida, anayepewa fomu W-2, hulipa 7.65 na mwajiri 7.65. Ukiona unaendeshwa kama mwajiriwa, unaweza kuiomba mamlaka ya kodi iamue kwa fomu SS-8. Ukiamua kubaki na 1099, weka pesa pembeni kila wiki, maana kodi hulipwa mara nne: 15 Aprili, 15 Juni, 15 Septemba na 15 Januari.

Kisha kuna lori la "kodisha mpaka liwe lako". Piga hesabu na mimi. Wiki nzuri, maili 3,000, mzigo umeleta dola 6,000. Kampuni inachukua asilimia 20, zinabaki 4,800. Lori 950, bima 350, trela 200, amana ya matengenezo 250, vikorokoro 50. Dizeli, maili 6.5 kwa galoni na dola 3.70 kila galoni, ni kama 1,708. Umebaki na 1,292, kodi bado. Wiki uliyougua, lori, bima na trela vinakudai 1,500 ukiwa kitandani. Januari 2025 kikosi kazi kilichoundwa na serikali kuchunguza mikataba hii kilipendekeza ipigwe marufuku.

Kama umeshaingia, sheria ya kukodisha inakupa meno. Mkataba uwe wa maandishi. Ulipwe ndani ya siku 15 baada ya kuwasilisha karatasi za safari. Ukilipwa kwa asilimia, una haki ya kuona ankara halisi ya mzigo. Waambie kwa maandishi waitume. Na amana yako irudishwe ndani ya siku 45 baada ya mkataba kuisha, pamoja na hesabu ya kila walichokata.

Ukilazimishwa

Ukikataa kuendesha kwa sababu saa zimekwisha au breki ni mbovu, halafu ukafukuzwa, unaweza kushtaki OSHA, ofisi ya serikali ya usalama kazini, ndani ya siku 180. Malalamiko ya kulazimishwa kuvunja kanuni huenda FMCSA, mamlaka ya shirikisho inayosimamia malori, ndani ya siku 90. Madai ya mshahara chini ya sheria ya shirikisho yana miaka miwili, mitatu mwajiri akithibitika alikusudia. Ofisi hizo hazikuulizi hadithi, zinataka ushahidi. Kwa hiyo dispacha akikwambia kwa simu "peleka tu", kata kwa adabu kisha mtumie ujumbe: nimebakiza dakika 20 za logi, pa kushusha mzigo ni maili 90 mbele, unataka nifanye nini? Jibu lake, au kimya chake, kipige picha ya skrini, na uitume kwenye barua pepe yako binafsi. Simu ya kampuni wataichukua siku ile ile wanayokuachisha.