Namna ya Kufuatilia Mashindano ya Dunia ya Hoki ya Barafu ya Vijana Ukiwa Mombasa

Mashindano ya dunia ya hoki ya barafu kwa vijana wa chini ya miaka 20 kwa kawaida huanza tarehe 26 Desemba na kumalizika siku za mwanzo za Januari, wakati ambapo shule zetu zimefungwa na watoto wako barazani tangu asubuhi. Nimeyatazama pamoja na vijana wa mtaa wetu wa Kibokoni kwa misimu kadhaa, na nimeona kwamba anayeketi mbele ya televisheni bila matayarisho huchoka kabla kipindi cha kwanza hakijaisha, kwa sababu jicho lililozoea kandanda hung'ang'ania kukifuata kile kisahani cheusi ambacho wachezaji hukipiga kwa magongo badala ya mpira, nacho huenda kasi mno.

Anza na ratiba, na uiandike upya kwa saa zetu kabla hujamwalika mtu. Mashindano yakiwa Uswidi, tofauti ni saa 2 tu, hivyo mechi ya jioni ya huko huwa kwetu baada ya chakula cha usiku. Yakiwa Ottawa, Kanada, kama yale ya 2025, tofauti ni saa 8: mechi ya adhuhuri huanza kwetu saa mbili usiku, lakini ile ya saa moja na nusu jioni huanza saa tisa na nusu usiku, na tarehe huwa imeshageuka. Hapo ndipo nilipokosea mwaka wa kwanza, nikawaamsha wapwa zangu usiku mmoja kabla ya mechi yenyewe, kwa kuwa nilibadilisha saa nikasahau tarehe. Kwa mechi za usiku mkubwa chagua mbili au tatu zenye uzito na ziache nyingine, kisha panga mapumziko: kuna vipindi vitatu vya dakika 20, saa husimama kila mchezo unaposimama, na kwa mechi ya saa tisa na nusu adhana ya Alfajiri huja karibu na mapumziko ya pili, jambo linalowafaa wanaokwenda msikitini.

Siku mbili kabla ya mechi ya kwanza, tengeneza kisahani. Kile halisi ni cha mpira mgumu, kipenyo chake sentimita 7.62, unene sentimita 2.54, na uzito wake ni kati ya gramu 156 na 170. Fundi wa viatu vya akala anaweza kukata vipande viwili vya duara kutoka kwenye tairi kuukuu na kuvigundisha pamoja. Mwambie akutengenezee viwili. Kimoja kiweke kwenye friza usiku kucha pamoja na barafu za ubuyu, na kingine kiache juani. Asubuhi viangushe vyote kutoka usawa wa kiuno juu ya sakafu ya vigae. Cha juani huruka na kubiringika hadi chini ya kochi, cha friza hutua kizito na kutulia, na mtoto aliyeona hivyo kwa macho yake haulizi tena kwa nini visahani hugandishwa kabla ya mechi: kisahani kinachodunda hakitulii kwenye gongo wala hakitelezi vizuri.

Uwanja wenyewe una urefu wa mita 60 na umezungushiwa ukuta, na kisahani kikigonga ukuta mchezo huendelea. Vijana wa Mji wa Kale hawahitaji maelezo marefu hapa, kwa maana wao wenyewe hucheza mpira vichochoroni na kumpasia mwenzao kwa kuupiga ukutani. Kuotea nako ni kwepesi: mshambuliaji haruhusiwi kuvuka mstari wa buluu wa upande wa wapinzani kabla ya kisahani.

Jambo linalostahili muda wako mwingi ni kuwafundisha kuhesabu watu badala ya kukifuata kisahani. Kila timu huwa na watu sita barafuni, kipa akiwa mmoja wao, na wale watano hubadilishwa mchezo ukiendelea, kila baada ya muda ambao mara nyingi haufiki dakika moja. Anayefanya kosa dogo, kama kumkwatua mwenzake kwa gongo, hukaa kwenye benchi la adhabu kwa dakika 2, timu yake ikabaki na mtu pungufu. Wapinzani wakifunga katika muda huo, adhabu hukoma hapo hapo. Kosa kubwa ni dakika 5, na hilo halikomi hata yakiingia magoli mawili. Mimi humteua mtoto mmoja kuwa mhesabu, kazi yake ikiwa kutamka "wanne!" kila timu inapopungukiwa, na baraza zima huinua macho kwa wakati unaofaa. Magoli mengi tuliyoyashuhudia tuliyaona yakija kwa sababu ya mhesabu huyo.

Tundika ukutani jedwali la makundi mawili ya timu tano. Ushindi ndani ya dakika 60 ni pointi 3, ushindi baada ya muda huo ni 2, na aliyeshindwa baada ya dakika 60 hupata 1. Nne bora za kila kundi huingia robo fainali.

Fainali ikifika sare, usimruhusu mtu kwenda kununua kahawa. Muda wa nyongeza huchezwa na watu watatu kwa watatu bila kuwahesabu makipa, na goli la kwanza humaliza kila kitu. Agosti 2022 huko Edmonton, Kanada, mashindano yakiwa yameahirishwa kutoka majira yake, Mason McTavish wa Kanada alikipiga kwa gongo kisahani kilichokuwa hewani kikielekea kuvuka mstari wa goli lao, na muda mfupi baadaye Kent Johnson akaifungia Kanada goli la ushindi, 3 kwa 2 dhidi ya Finland. Mwaka 2025 Marekani iliishinda Finland hiyo hiyo 4 kwa 3, pia katika muda wa nyongeza. Waonyeshe vijana picha za tukio la McTavish kabla ya fainali, polepole, ili wajue kwamba wakati huo jicho linapaswa kurudi kwenye kisahani.