Kuanzisha CI kwenye timu ndogo, hatua kwa hatua

Tuseme mko watatu hapa Kigoma, mnatengeneza programu ya kurekodi mauzo ya dagaa kwa wafanyabiashara wa Kibirizi. Mmoja yuko kwenye kurasa za simu, mwingine kwenye risiti, wa tatu kwenye hifadhidata. Kila mtu akijifungia na kazi yake wiki mbili, siku ya kuunganisha mtakesha. CI (continuous integration) ni utaratibu wa kuunganisha kazi zenu kila siku, huku mashine ikikagua kila badiliko.

Hatua ya 1. Wekeni kila kitu kwenye repo moja (ghala la mradi) ya Git, programu inayotunza historia ya mabadiliko: msimbo, majaribio, hata faili za kubadilisha muundo wa hifadhidata. Nywila zibaki nje.

Hatua ya 2. Amri moja itoshe kuendesha majaribio yote. Mtu mpya akilazimika kukupigia simu kuuliza "hii nayo naiwekaje?", msisogee mbele kwanza.

Hatua ya 3: jaribio la kwanza. Wengi hukwama hapa kwa kutaka kupima programu nzima kwa mkupuo. Anzeni na hesabu ambayo ikikosewa mtu anapoteza hela. Kilo 12.5 kwa bei ya shilingi 20,000 lazima zitoe 250,000. Kilo sifuri zikataliwe. Halafu jaribuni karani akiandika "12,5", yaani mkato badala ya nukta. Kwenye JavaScript, `parseFloat` itasoma 12 na kuishia hapo. Mama wa watu amepunjwa shilingi 10,000 na hakuna onyo lolote lililotokea. Jaribio hili moja lina thamani kuliko mengi ya kukagua rangi za vitufe.

Hatua ya 4. Kama mnatumia GitHub (tovuti ya kuhifadhi repo za Git) na Node (programu ya kuendesha JavaScript nje ya kivinjari), tengenezeni faili `.github/workflows/majaribio.yml`. Inaiambia GitHub iendeshe majaribio kila mnaposukuma, yaani mnapotuma kazi kwenye repo:

```
on: [push]
jobs:
  majaribio:
    runs-on: ubuntu-latest
    steps:
      - uses: actions/checkout@v4
      - uses: actions/setup-node@v4
        with:
          node-version: 22
          cache: npm
      - run: npm ci
      - run: npm test
```

Faili ya `package-lock.json` lazima iwemo kwenye repo, la sivyo `npm ci`, amri ya kusakinisha vifurushi, itagoma. Vifurushi vinapakuliwa kwenye seva za GitHub, kwa hiyo bando lako haliguswi, na umeme ukikatika Mwanga baada ya kusukuma kazi, majaribio yanaendelea. Repo ya siri kwenye mpango wa bure ina dakika 2,000 kwa mwezi, zinawatosha watu watatu mkiwa na majaribio mepesi.

Hatua ya 5. Fungeni tawi kuu, yaani toleo la pamoja la msimbo, lisipokee badiliko lililofeli majaribio. Kwa repo ya siri, ulinzi huo haumo kwenye mpango wa bure wa GitHub. Basi kubalianeni kwamba nyekundu, yaani kazi iliyofeli majaribio, haiunganishwi, hata bosi akiwa na haraka.

Hatua ya 6. Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Unganisheni angalau mara moja kwa siku, kila mmoja wenu. Martin Fowler, aliyeandika sana juu ya CI, anashauri ukaguzi usizidi dakika 10. Ukivuka hapo watu huanza kuukwepa. Tawi kuu likiwa jekundu, aliyelivunja aache mengine alitengeneze. Asipoona tatizo upesi, arudishe badiliko lake kwa `git revert` wenzake waendelee. Na kila hitilafu itakayoripotiwa na mteja, andikeni kwanza jaribio linaloionyesha, ndipo muirekebishe.